Jicho Kavu na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Fundi cherehani mmoja wa Temeke aliingia chumbani kwangu leso ikiwa imelowa mkononi kama ya mtu atokaye msibani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akijifuta jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Ana miaka 58 na ameshona tangu alipomaliza darasa la saba. Mwaka mzima uliopita machozi yalikuwa yakimtoka akiwa kazini hadi wateja wanamuuliza amefiwa na nani. Jioni macho humchoma kama yametiwa pilipili, na tundu la sindano halionekani mpaka apepese mara tatu nne.

Nikampima, nikamwambia, "Mama, macho yako yamekauka."

Akaniangalia, akaiangalia leso. "Dokta, yamekauka vipi na hii naikamua?"

Swali hilo huulizwa karibu kila wiki katika chumba changu, na wanaouliza hawana kosa. Lenye kosa ni jina. Tumeuita ugonjwa huu ukavu wa macho, na mtu akisikia ukavu hufikiri maji. Kwa hiyo hutafuta maji: hunawa uso mara kumi kwa siku, hununua matone, hutafuta cha kudondoshea. Kumbe kwa wagonjwa wengi ninaowaona maji yapo. Kilichopungua ni mafuta.

Turudi nyuma kidogo, tuliangalie chozi lenyewe. Machozi ya kilio tuyaache, hayo yana wenyewe. Yanabaki ya namna mbili. Kuna ya kila saa, yanayotandazwa juu ya jicho kidogokidogo bila mtu kujua. Na kuna ya dharura, yanayomwagika vumbi linapoingia au kitunguu kinapokatwa. Uso wa jicho ukianza kukauka, neva za konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, hupiga kelele. Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi kupita zote, hivyo kelele yake husikika. Tezi kubwa ya machozi, iliyojificha juu ya jicho kuelekea upande wa sikio, hujibu kwa kumwaga machozi ya dharura. Maji hayo ni mengi, lakini hayashiki. Yanateremka shavuni kama mvua juu ya bati, na jicho linabaki na shida yake ileile. Ndiyo maana leso inalowa na jicho bado limekauka.

Vipimo vya mama yule vilikuwa rahisi. Nilimtundikia ukingoni mwa kope ya chini kipande cha karatasi chenye alama za milimita, kipimo alichokibuni daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 na ambacho hakijapata mrithi wa bei nafuu hadi leo. Baada ya dakika tano karatasi ilikuwa imelowa milimita 22. Ikilowa chini ya 5 ndipo tunaanza kusema tezi ya maji imechoka. Yake haikuchoka. Kisha nikamgusisha rangi ya chungwa inayong'aa kijani chini ya mwanga wa buluu, nikamwomba asipepese, nikahesabu. Utando wa machozi wenye afya hukaa sekunde 10 au zaidi kabla ya kupasuka. Wake ulitoboka nilipofika nne. Madoa meusi yakaanza kutokea kama matundu kwenye kanga kuukuu. Mwisho nikabonyeza taratibu ukingo wa kope ya chini. Palipotakiwa kutoka mafuta maangavu kama kioo, kilitoka kitu kizito kama dawa ya meno.

"Mama," nikamwambia, "mwezi wa Julai chupa yako ya mafuta ya nazi inakuwaje?"

"Inaganda."

"Ukitaka kujipaka unafanyaje?"

"Naianika juani. Au naitumbukiza kwenye maji ya moto."

"Hujawahi kuongeza maji ndani ili mafuta yatoke?"

Akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Ndani ya kila kope, katika ile sehemu ngumu unayoisikia ukiigeuza, kuna safu ya vijitezi vilivyosimama wima kama funguo za kinanda: kati ya 25 na 40 katika kope ya juu, 20 hadi 30 katika ya chini. Heinrich Meibom, daktari mwingine wa Ujerumani, alivieleza mwaka 1666, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kutoa mafuta. Vijitundu vyake vinafungukia ukingoni, nyuma kidogo ya pale nywele za kope zinapoota. Ukijitazama kwenye kioo kizuri utaviona kama msururu wa nukta. Kila unapopepesa, kope hukamua tone dogo mno la mafuta na kulitandaza juu ya maji. Chini ya maji kuna ute unaoyashikilia kwenye konea ili yasiteleze. Ute, maji na mafuta: vyote kwa pamoja havizidi sana unene wa maikromita tatu, na unywele wa kichwani mwako ni karibu mara ishirini ya hapo. Mafuta yakikosekana, au yakiganda tunduni, maji hugeuka mvuke kama ya uji ulioachwa wazi sufuriani.

Wataalamu wa dunia wanaokutana chini ya jumuiya ya TFOS walitoa taarifa kubwa kuhusu ugonjwa huu mwaka 2007, wakairekebisha mwaka 2017. Katika ile ya 2017 kiini cha tafsiri yao ni utando wa machozi uliopoteza mizani yake. Mizani ikishapotea, uso wa jicho hupata uvimbe, uvimbe huharibu ute na tezi, na tezi zilizoharibika huzidisha ukavu. Duara hilo ndilo linalowachosha wagonjwa, na ndilo linalonifanya nisipende kusikia mtu amevumilia miaka sita. Kijitezi cha mafuta kilichoziba kwa muda mrefu hunyauka, na kikishanyauka hakioti tena.

Sasa, kwa nini mafuta ya fundi wetu yaliganda? Umri una fungu lake. Hedhi inapokoma, homoni zinazozilisha tezi hizi hupungua, na ndiyo sababu mojawapo wanawake wanatuzidi sisi wanaume katika ugonjwa huu. Lakini nilimwuliza pia kuhusu kazi. Anayefuata mshono hapepesi. Mtu aliyetulia akizungumza na jirani hupepesa kama mara 15 kwa dakika, wengine zaidi. Mpe kitu cha kukazia macho, iwe sindano, simu au kompyuta, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Baya zaidi ni upepesaji wa nusunusu: kope ya juu inashuka kidogo, haifiki chini, inarudi. Mafuta hayakamuliwi, na theluthi ya chini ya konea inabaki wazi siku nzima. Vijana wanaotazama simu kitandani hadi saa nane za usiku wana macho ya mafundi cherehani wa miaka 58. Nimeyaona kwa darubini yangu.

Na juu ya cherehani yake, mama alisema, lipo pangaboi. Linazunguka kuanzia saa mbili asubuhi.

Upepo ni adui ambaye hatumhesabu. Dereva wa bodaboda asiyeshusha kioo cha kofia yake hupigwa na upepo machoni saa kumi kwa siku, pamoja na vumbi na moshi wa malori. Karani wa ofisini amekaa chini ya kiyoyozi kinachompulizia usoni. Anayeendesha gari hugeuza matundu ya baridi yamwelekee machoni kwa sababu ya joto. Mpishi anapulizia kuni. Dodoma hewa yenyewe ni kavu. Pwani tuna nafuu ya unyevu, ila kaskazi ikianza kuvuma utawaona wanakuja. Kisha wapo wanaolala feni ikiwapuliza huku kope zao hazifungi sawasawa, jambo ambalo mhusika halijui mpaka amuulize anayelala naye. Nikimwuliza mgonjwa ni wakati gani hali huwa mbaya, jibu lake linanisaidia kuliko vifaa vingi: akisema asubuhi, naangalia kingo za kope na namna anavyolala, akisema jioni, nauliza mchana wake ulivyokwenda.

Niliposema twende kwenye tiba, mama akafungua mkoba na kutoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na chupa nne. Hapo ndipo safu hii ingeweza kujaa yenyewe.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya antibiotiki, aliyoitumia mara tatu kwa nyakati tofauti. Antibiotiki inaua bakteria. Mafuta yaliyoganda si bakteria. Ya pili ilikuwa ya kuyafanya macho yawe meupe. Dawa hizi hubana mishipa ya damu, wekundu unapotea kwa saa chache, mtu anaonekana kapumzika. Dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka kuliko mwanzo, naye hudondosha tena. Nimewahi kuwa na mgonjwa ambaye ugonjwa wake wote, ukiondoa ukavu mdogo, ulikuwa chupa hiyo. Ya nne lebo yake ilishafutika. Alipewa na jirani.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nimpime presha ya macho palepale. Ilikuwa mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua lini aianze na lini aikomeshe, mimi huitumia. Tatizo lake ni kwamba inafanya kazi haraka mno. Siku mbili tu kuchoma kumekoma, wekundu umekwisha, na mtu anaamini amepata dawa yake. Anarudi dukani na chupa tupu, anaiweka kaunta, anapewa nyingine. Kwa baadhi ya watu, steroidi inayotumika kwa wiki au miezi hupandisha presha ndani ya jicho kimyakimya, bila maumivu, na neva ya jicho ikishakufa hairudi. Pia huharakisha mtoto wa jicho. Wanaoumia zaidi ni watoto wenye mzio, wale wanaosugua macho mpaka weupe unakuwa wa kahawia, ambao wazazi wao wameonyeshwa chupa moja iliyowasaidia na hawajaambiwa ni ya siku ngapi. Presha ya mama ilikuwa salama. Si wote wana bahati hiyo.

Machozi bandia ni jambo jingine, na sina ugomvi nayo. Yapo ya hipromelosi, ya kaboksimethiliselulosi, ya hialuroneti; tofauti zake ni uzito na muda wa kukaa jichoni. Jambo la kuuliza dukani ni kihifadhi. Chupa nyingi zina benzalkonium kloridi, kemikali inayozuia vijidudu kuota ndani ya chupa lakini yenye tabia ya sabuni: ikizidi, hutawanya yale mafuta tunayohangaika kuyarudisha na kuudhi seli za konea. Anayedondosha zaidi ya mara nne kwa siku, atafute yasiyo na kihifadhi akiweza kuyamudu. Na chupa ya kawaida ikishafunguliwa, mwezi mmoja ukipita itupwe hata kama imebaki nusu.

Halafu namna ya kudondosha. Watu humwaga matone matatu, manne, yanatiririka hadi shingoni. Tone moja la chupa lina ujazo wa mikrolita 40 hivi. Machozi yote yaliyo juu ya jicho hayafiki 10. Tone moja tayari ni gharika. Vuta kope ya chini, dondosha moja, fumba taratibu, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja. Hapo ndipo ulipo mfereji unaopeleka machozi puani na kooni, na ndiyo sababu dawa ya jicho husikika chungu mdomoni. Kila Ramadhani naulizwa kama matone yanafunguza. Mimi si shehe, na humwelekeza mtu kwa shehe wake. Lakini ninavyofahamu, katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi kuelekea ndani, na kinachotiwa humo hakibatilishi saumu. Nimeona watu wakiacha hata dawa za presha ya macho mwezi mzima kwa hofu ambayo swali moja msikitini lingeiondoa.

Kwa kuwa nimeshagusa vinavyotiwa machoni, nisipite kimya. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipozagaa Dar es Salaam na kwingineko, tulipokea watu waliotia machoni chai ya rangi, maji ya chumvi, maziwa ya mama, utomvu wa mshubiri na mengine nisiyopenda kuyaandika. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi ambao kwa wengi huisha wenyewe. Lakini majani yaliyopondwa kwa mikono isiyooshwa huleta fangasi na bakteria, na kidonda cha konea kinachofuata kikipona huacha kovu jeupe ambalo wazee wetu waliliita chamba. Virusi vile pia viliwaachia baadhi ya watu ukavu wa miezi kadhaa baada ya wekundu kwisha. Wakiona kuchoma kunaendelea, wakarudia chai.

Wanja nao una habari yake. Bibi yangu alipaka wanja wa manga maisha yake yote na sitathubutu kuunanga hapa. Nitasema tu kwamba wanja nyingi za aina hiyo zimepimwa na kukutwa na risasi, na kwamba ukipakwa ndani ya ukingo wa kope unakaa hasa pale vijitundu vya mafuta vinapofungukia. Anayeupenda aupake nje ya mstari wa nywele, na auoshe kabla ya kulala. Kope za kubandika zina gundi, na gundi ina mvuke wake. Hayo nayo yatoshe.

Tiba ya fundi wetu ilianzia kwenye chupa ya chai. Maji yaliyochemshwa, yakiwa ya moto kiasi cha kuvumilika upande wa ndani wa kiganja, vitambaa viwili safi vya pamba, na kiti. Kitambaa kimoja kinawekwa juu ya macho yaliyofumbwa huku kingine kikiloweshwa, kwa sababu kimoja hupoa ndani ya dakika mbili na kikishapoa kinakuwa mapambo tu. Wagonjwa wengi wanaosema "nilijaribu, haikunisaidia" walikosea hapa: waliweka kitambaa kimoja, kikapoa, wakakaa nacho dakika kumi. Joto linalotakiwa ni la nyuzi 40 hivi, nalo liendelee kwa dakika tano hadi kumi. Mara unapoondoa kitambaa, kabla mafuta hayajaganda tena, sugua kope kwa ncha ya kidole: ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, daima kuelekea nywele. Unaminya kope, huminyi jicho. Futa kingo kwa pamba yenye maji safi ili matongotongo na mafuta ya zamani yaondoke. Asubuhi na jioni kwa wiki sita, baadaye mara moja kwa siku, na hapo nina habari isiyofurahisha: haina mwisho. Ni kama kupiga mswaki. Na kila mtu awe na kitambaa chake, maana taulo la familia nzima ni njia mojawapo ya kuenezea vikope.

Nikamfundisha pia kupepesa, mtu wa miaka 58. Fumba kabisa, hesabu mbili, minya kidogo, fumbua. Mara kumi kila anapomaliza upande mmoja wa nguo. Wenye kompyuta wajiwekee kipimo chao; kila dakika 20 kuangalia mbali, mita sita hivi, ni desturi nzuri mradi unapotazama huko mbali ukumbuke kupepesa. Skrini nayo ishushwe chini ya usawa wa macho, kwani anayetazama chini hufumbua jicho kidogo, na jicho lililofumbuliwa kidogo hupoteza maji kidogo.

Joto na kusugua vikishindwa, yapo ya kuongeza. Vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, ambavyo mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Matone ya saiklosporini yanayotuliza uvimbe, ghali na ya kusubiri miezi. Vizibo vidogo vya mifereji ya machozi, ambavyo havifai kuwekwa jicho likiwa bado na uvimbe, kwa sababu unafungia uchafu ndani. Mashine za kukanda kope kwa joto zipo huko nje kwa bei ambayo ingenunua cherehani mpya.

Naulizwa sana kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki. Mimi mwenyewe niliwahi kuvisifia. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao DREAM: watu 535 wenye ukavu wa macho, wengine wakimeza gramu 3 za omega-3 kila siku kwa mwaka, wengine mafuta ya mizeituni bila kujua wamepewa yapi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na omega-3 haikuyashinda mafuta ya mizeituni. Tangu hapo sivisifii tena. Kuna wenzangu wanaobisha, na wana hoja zao. Dagaa nawapenda kwa sababu nyingine.

Hadi hapa nimesema juu ya mafuta. Lakini wapo ambao karatasi ya Schirmer hutoka kwao ikiwa kavu kama ilivyoingia, na hao wasichanganywe na fundi wetu. Mwanamke anayesema hawezi kumeza mkate bila kinywaji, viungo vinamuuma asubuhi, na macho kama yana mchanga, huyo namfikiria ugonjwa ambao Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi, aliuandikia tasnifu mwaka 1933: kinga ya mwili inazishambulia tezi za machozi na za mate. Baridi yabisi huandamana nao mara nyingi. Wengine hukaushwa na dawa wanazomeza: amitriptilini, vidonge vya mafua na mzio kama klorofeniramini, baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Asiache dawa yake mtu, amwambie aliyemwandikia. Aliyepooza uso upande mmoja, au mwenye ukoma uliomzuia kufumba jicho, konea yake inakauka kwa kukosa kifuniko. Aliyewahi kubabuka mwili mzima kwa dawa za salfa anaweza kubaki na macho yaliyoungua tezi zote. Na aliyeugua vikope utotoni akapata makovu ndani ya kope, kama wazee wengi wa Kongwa, yale makovu yalizika tezi za mafuta na za ute pamoja. Kongwa ndiko utafiti wa miaka ya 1990 ulikoonyesha thamani ya kitu kidogo sana: kumwosha mtoto uso.

Sasa huyo mtoto. Ukavu wa macho wa mtoto mdogo si habari ya simu wala pangaboi mpaka uwe umeondoa kwanza upungufu wa vitamini A. Dalili ya awali haionekani jichoni. Mtoto aliyekuwa akicheza hadi magharibi sasa jua likizama anakaa karibu na mama, anajikwaa kwenye kigoda, anapapasa sahani. Mama wengi hudhani ni uoga wa giza. Baadaye weupe wa jicho hupoteza mng'ao, hukunjamana, na pembeni mwa konea hutokea kidoa kama povu la sabuni, alichokieleza daktari Mfaransa Pierre Bitot mwaka 1863. Baada ya hapo, hasa mtoto akipata surua au kuhara, konea inaweza kulainika na kuyeyuka ndani ya siku chache. Hakuna matone ya kuliokoa jicho hilo bila vitamini yenyewe, na anayeanza kwa kununua machozi bandia anapoteza siku ambazo mtoto hana.

Ni jicho hilohilo lililofungua mlango mkubwa zaidi. Alfred Sommer, daktari wa macho wa Marekani aliyefanya kazi Indonesia, aligundua kwamba watoto wenye ukavu wa aina hii walikuwa wakifa kuliko wenzao hata kabla ya kupofuka. Mwaka 1986 yakachapishwa matokeo kutoka Aceh: vijijini walikogawa vitamini A, vifo vya watoto vilipungua kwa theluthi moja hivi. Yale matone yanayotolewa kwetu mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yana asili yake humo. Hayatiwi machoni, hunyweshwa. Nasema hivyo kwa kuwa nimewahi kukuta kidonge kimetobolewa kikadondoshewa jichoni. Nyumbani kuna viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, papai, maembe, maini, mayai. Mboga ipikwe na mafuta kidogo au nazi, kwani vitamini A husafiri ndani ya mafuta. Naam, mafuta tena.

Yapo mambo ambayo hayangoji kitambaa cha moto. Maumivu makali, jicho lisilovumilia mwanga, doa jeupe juu ya konea, usaha, au uoni uliofifia ambao haurudi hata ukipepesa: njoo leo. Ukavu wa kawaida hukamata macho yote mawili na ukungu wake hufutika kwa kupepesa. Jicho moja tu likilia na kuuma, nashuku kitu kingine: kibanzi, kidonda, presha.

Fundi wetu alirudi baada ya wiki saba. Rangi ya chungwa ilikaa hadi nikahesabu nane kabla ya kutoboka. Si kumi, lakini si nne. Ukingo wa kope ulitoa mafuta yaliyokuwa bado ya ukungu, ila yanatembea. Leso alikuwa nayo, imekunjwa, kavu. Nikamuuliza kuhusu pangaboi.

"Nilimwita fundi umeme alihamishe, sasa lipo upande wa mlango," akasema. "Wateja ndio wanaopulizwa. Mimi natoka jasho, dokta, na cherehani pia."

Nikamwambia atafute kifeni kidogo cha miguuni.